Weupe Kwenye Bega la Mlima

Kilichonitia shaka kwanza ni kwamba wifi yangu alinikubalia.

Wifi huyu ni mke wa mdogo wangu, na kwa miaka kumi na tisa tuliyoishi ua mmoja hajawahi kunikubalia jambo hivihivi. Nikisema mvua inakuja, atatoka nje kuangalia. Nikisema chai imekolea, ataionja. Lakini Jumapili ile asubuhi, niliposimama barazani nikanyoosha kidole mlimani na kusema, "Maua yamefunguka," wifi aliangalia mlima, akaniangalia mimi, kisha akasema, "Haya, wifi. Kama umeona." Akaingia jikoni na hakutoka tena.

Machale yakanicheza.

Labda nieleze kazi yangu, maana mtu asiyeijua ataniona mkorofi wa bure. Mimi natembeza wageni. Bonde letu lina mwaka wake na mwaka huo una mpangilio. Mvua kubwa zikiisha tunakwenda maporomoko, maji yakiwa bado na nguvu ya kulowesha watu waliokaa mbali. Halafu unashuka ukungu, na kwa wiki tatu hakuna anayekwenda popote. Ukungu ukiinuka, yanakuja maua. Kiangazi kikikaza tunapanda mpaka ukingoni kuona upande wa pili, watu wanakula mayai na mkate juu ya mawe, wanapiga picha, wanarudi na magoti yanayotetemeka.

Ila kinachowaleta watu hasa ni maua. Ni meupe, yanaota kwenye bega la mlima tu, yanafunguka yote kwa pamoja na kukaa siku nane au tisa, kisha upepo unayamaliza. Hayana tarehe. Mwaka mmoja yanawahi, mwaka mwingine yanajivuta. Lazima awepo mtu wa kusema ni lini, na kwa miaka ishirini na sita mtu huyo nimekuwa mimi. Nakaa kwenye benchi la barazani kila asubuhi, na siku nikiona bega limegeuka jeupe nashuka darajani kufunga kitambaa chekundu kwenye chuma cha daraja. Hapo bonde zima linaamka. Mwenye nyumba ya wageni anaanza kupiga simu. Dereva wa basi dogo anaosha basi lake. Wifi yangu, ambaye ndiye mpishi wa nyumba ya wageni, anaagiza mayai. Sijawahi kukosea hata mara moja. Ndiyo maana wananiita Darubini, na sioni haya kusema kwamba jina hilo nalipenda kuliko nililopewa na baba.

Basi nikashuka darajani, nikafunga kitambaa changu.

Kwa kawaida nikikaza fundo tu, muuza duka wa pale darajani anapiga mluzi na watu wanatoka kunipa mkono. Safari hii alinisalimia kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani. Hakuuliza maua ya mwaka huu yakoje. Alijishughulisha kupanga sabuni ambazo, kwa jinsi nilivyomjua, zilikuwa zimeshapangwa.

Halafu mwanamume mmoja akaja kusimama mbele yangu, na sikumtambua mpaka alipofungua mdomo. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni, ambaye sisi tunamwita Bwana Ratiba kwa sababu hata kucheka anacheka kwa saa. Nadhani alikuwa amenunua koti jipya.

"Darubini," alisema, "kwa hiyo Jumamosi?"

"Jumamosi. Piga simu."

"Una uhakika?"

Miaka ishirini na sita hajawahi kuniuliza swali hilo. "Na wewe," nikamwambia, "una uhakika ile nyumba ni yako?"

Alicheka kacheko kafupi kisha akaondoka, na kwa mbali nikamsikia akinong'ona na muuza duka. Nilipogeuka walinyamaza.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaanza kuunganisha mambo. Maana hayakuanza siku ile. Tangu safari ya maporomoko kulikuwa na namna. Kwanza, kila nilipotangulia njiani asubuhi na wageni wangu nilikuta majani hayana umande, kumaanisha kuna mtu amepita kabla yangu. Pili, kwenye njia panda ya korongoni palitokea jiwe lililopakwa chokaa. Sikuliweka mimi. Wiki iliyofuata yakawa mawili. Na pale penye mteremko mkali mtu alikuwa amechonga vidato, vizuri kabisa, kwa mkono wa fundi.

Fundi tunaye mmoja, naye ni mdogo wangu. Ni fundi uashi. Huyu ni mtu anayeweza kula chakula chote cha jioni akisimulia ufa mmoja wa ukuta. Lakini miezi ile alikuwa akirudi na chokaa kwenye viatu, nikimuuliza anapaka nini, anasema, "Kazi ndogondogo tu, dada."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Kisha anaomba chumvi.

Na wifi naye. Mwanamke aliyekuwa akisema mlima ni wa mbuzi na wa Darubini, ghafla mwaka huu akawa mpenzi wa matembezi. Kila safari yumo. Na hakai nyuma na wageni, anatembea nyuma yangu mimi, karibu kiasi kwamba nasikia pumzi yake. "Wifi, kuna jiwe hapo." "Wifi, inama, kuna tawi." Nilimwambia jiwe hilo nimelitangulia kufika pale. Hakukasirika. Na wifi yangu asipokasirika, ujue kuna kitu kinapikwa.

Nikajumlisha yote. Mume anatengeneza njia, mke anajifunza njia, Bwana Ratiba ameshakubali, muuza duka anaona aibu. Kilichobaki ni kuniondoa. Nadhani walikuwa wakitafuta sababu tangu mwaka jana, nilipowapitisha wageni kumi na wanne njia ya kushoto pale korongoni badala ya kulia. Niliwaambia wageni nilitaka waone mandhari ya upande ule. Upande ule hauna mandhari, una upupu. Tulirudi tunajikuna, na baadaye nikasikia mambo yamesemwa.

Niseme wazi kilichoniuma. Mimi ni mjane na sina mtoto. Nina chumba kimoja kwenye ua wa mdogo wangu, benchi, fimbo na mlima. Nikiondolewa mlimani nabaki kuwa shangazi wa kuchambua mchele. Na hata huo mchele walikuwa wameanza kuninyang'anya. Wifi alikuwa akiuchukua ungo mapajani mwangu, akisema nipumzike. Nani alimwambia nimechoka?

Jumatano mchana nikawafuma. Nilikuwa nimetoka kuanika kanga zangu nyuma ya jiko, nao hawakujua nipo pale.

"Ukungu ukishuka Jumamosi utatuokoa," alisema mdogo wangu.

"Na usiposhuka?" Huyo alikuwa wifi.

"Wapelekwe maporomoko. Utawaambia daraja la juu, la njia ya kwenye bega, limekatika."

"Na dada yako?"

"Dada niachie mimi. Nitamshika mimi."

Nilisimama pale na kanga mkononi. Kumbe ni hivyo. Wageni ni wangu, kitambaa ni changu, halafu mimi nishikwe. Nikazunguka na kuingia jikoni kwa mlango wa mbele. Wote wawili wakanyamaza. Wifi akaniuliza kama ningependa chai.

"Ina nini?" nikamuuliza.

"Ina maziwa, wifi."

Sikuinywa.

Usiku ule niliamua. Singesubiri Jumamosi wanifanyie maigizo mbele za watu. Ijumaa ningepanda mwenyewe mpaka kwenye bega, nione wamejenga nini huko juu, kibanda au lango au vyovyote, halafu nirudi niwapasulie ukweli huku chokaa yao ikiwa bado mbichi.

Ijumaa kulipopambazuka nikachukua fimbo, nikatoka kimyakimya. Mlima ule miguu yangu inaujua kama inavyojua kizingiti cha chumba changu. Nilipanda vizuri. Ukungu haukuwepo, ingawa mimi niliona kama upo, na niliulaumu. Kila hatua ishirini hivi palikuwa na jiwe jeupe. Nilisema nayafuata ili nijue yanakwenda wapi. Lakini ukweli ni kwamba kwenye njia panda ya korongoni nilisimama kidogo, nikatafuta jeupe, nikaliona upande wa kulia, na nikafurahi. Furaha hiyo niliifukuza haraka.

Njia nzima nikawa nayapanga maneno ya kumwambia wifi. Yalikuwa mazuri, makali, na mengine yalimhusu mama yake.

Nilipofika kwenye bega jua lilikuwa limeshatoka. Na yale maua yangu yalikuwepo. Mbele yangu, kote, weupe mkubwa, mafungu mafungu, kuanzia penye njia mpaka kule kwenye genge, yaani kule ambako ardhi inakatika ghafla na chini yake ni bonde. Nikasahau hasira yangu yote. Mwaka baada ya mwaka nimeyaona, na bado sijayazoea. Nikasogea, nikapiga magoti penye fungu la kwanza, nikainama ninuse kama ninavyofanya siku zote, na mkono wangu ukagusa jiwe.

Jiwe baridi. Nikalipapasa lote. Nikainua kiganja karibu kabisa na uso, kikawa cheupe. Nikanusa. Chokaa.

Nikatambaa mpaka fungu la pili. Jiwe. La tatu. Jiwe.

"Dada," sauti ya mdogo wangu ikasema nyuma yangu. "Usiende mbele zaidi ya hapo."

Alikuwa anahema. Wifi alikuwa ameniona nikitoka, akamwamsha, naye akanifuata njia nzima bila kusema neno. Alikuja akakaa chini kando yangu, na kwa muda tulikaa kama watu wanaosubiri basi.

"Nimeyapaka yote mpaka kwenye genge," alisema hatimaye. "Ili uone mwisho wa ardhi uko wapi. Nilimaliza Jumamosi iliyopita, jioni."

"Na mimi nikasema Jumapili asubuhi."

"Ndiyo."

"Niliona chokaa yako."

"Ndiyo, dada."

"Na maua?"

Alinishika mkono, akaupeleka pembeni ya jiwe, kwenye majani. Nikavigusa vitumba. Vilikuwa vimefumba, vigumu, vingi, kila mahali.

Hapo ndipo hasira ilipopata njia. Nikamuuliza kwa nini aliniacha nishuke darajani nikajiaibishe mbele ya bonde zima.

"Wifi yako alitaka kukuambia palepale barazani. Maneno yakamwishia. Bwana Ratiba akasema labda yatafunguka kabla ya Jumamosi, tungoje. Kisha watu wakaona kitambaa, wakaanza kupiga simu wenyewe kuulizia nafasi. Hakuna aliyethubutu kukifungua kitambaa chako, dada. Tangu mwaka jana tunatafuta namna ya kukuambia. Kila mtu anamtuma mwenzake."

"Kina nani wanajua?"

"Ratiba anajua. Dereva. Muuza duka."

"Kwa hiyo asiyejua ni mimi peke yangu."

Mdogo wangu si mtu wa maneno makali. Alifuta kiganja changu kwa shati lake, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. "Wewe ulijua," alisema.

Nilijua. Nimekuwa nikifuta kioo cha dirisha langu kila asubuhi tangu mvua zilizopita, na kioo hakikuwa na vumbi. Nilijua siku ya upupu. Nilijua nilipokuta mchele niliouchambua mwenyewe una mawe, nikamsingizia muuza duka. Nikalia pale mlimani bila kujificha, mtu mzima kabisa, na mdogo wangu akaniacha nilie.

Tulipokuwa tukishuka alinieleza kwamba itakuwa ni mtoto wa jicho, kwamba mjini kuna daktari wa macho na wengi wametolewa wakaona tena, na kwamba wifi alikuwa ameshauliza siku za kliniki. Nikamwambia nitakwenda, lakini baada ya maua. Akacheka. Halafu akanieleza mpango wa kesho: wifi atawaambia wageni daraja la juu limekatika, watapelekwa maporomoko, jina langu litabaki salama. Mimi nitashikwa mkono kana kwamba mguu umeteguka.

"Mguu upi?" nikauliza.

"Wowote utakaoupenda."

Jumamosi saa mbili asubuhi walikuwa wamejaa darajani. Watu thelathini na mmoja, kwa hesabu ya dereva, na vikapu vyao na kofia zao na wazee wao waliowabeba kutoka mbali. Kitambaa changu kilikuwa kinapepea juu ya vichwa vyao. Hicho nilikiona vizuri sana. Wifi akasimama mbele, akajikohoza. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyezoea uongo, na hilo peke yake, baada ya yote niliyomdhania, lilinichoma.

"Wageni wetu," alianza, "kuna tatizo kidogo. Daraja la juu..."

"Daraja la juu ni zima," nikasema.

Nikasogea mbele. Bwana Ratiba alivuta pumzi, nikamsikia.

"Maua hayajafunguka," niliwaambia. "Nimewaita mimi, na nimekosea. Niliona mawe nikadhani ni maua, kwa sababu macho yangu hayaoni vizuri tena. Hawa wengine walinyamaza kwa kunionea huruma. Msiwalaumu."

  Kisha mwanamke mmoja, ambaye kwa sauti yake alikuwa ameketi garini muda mrefu, akasema, "Mama, sisi tumetoka nyumbani jana. Sasa tumekuja kuona nini?"

"Vitumba," nikamjibu. "Au maporomoko. Au mrudi nyumbani, na mna haki."

Wengine walirudi, tena kwa kununa, na mlango mmoja wa gari ulifungwa kwa nguvu. Wengine wakachagua maporomoko na dereva akawachukua. Tisa wakasema basi, wataona hivyo vitumba. Nikaenda kwenye chuma cha daraja kufungua kitambaa. Fundo lilikuwa limekazwa na umande wa siku sita, vidole vyangu vilihangaika, na watu wote wanatazama. Wifi alisimama karibu nami na hakunisaidia. Nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Kilipofunguka nilikikunja, nikampa.

"Tangulia wewe," nikamwambia.

"Mimi?"

"Si umejifunza njia? Kila safari unanipumulia kisogoni."

Akatangulia. Mimi nikafuata, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kwenye bega lake, na mawe meupe ya mdogo wangu yakipita pembeni moja baada ya jingine. Korongoni alikata kulia bila kusita. Wageni tisa walikuja nyuma yetu wakiongea mambo yao, na nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo, nikiwa mbele, sikuwahi kusikia wanaongea nini. Walikuwa wanalinganisha viatu.

Kwenye bega la mlima tukawakalisha, wifi akatoa mayai. Mimi nikapiga magoti penye majani, nikachukua kitumba kimoja katikati ya vidole viwili, nikakibonyeza taratibu. Jana kilikuwa kigumu kama harage bichi. Leo kilikuwa kinabonyea kidogo upande wa juu.

"Wifi," nikaita. "Njoo uniambie hiki ncha yake ina rangi gani."

Akachuchumaa. Nikasikia akikigeuza.

"Kijani."

"Angalia vizuri."

"Kijani, wifi. Kuna kaweupe kadogo, kama ncha ya ukucha."

Sikuwa na namna ya kuhakikisha. Angeweza kuniambia ni chekundu. Nilikaa na hilo kidogo, mimi niliyekuwa nimemdhania hadi chai yake, halafu nikaamua kumwamini.

"Basi ni Alhamisi," nikasema. "Mvua isiponyesha, tufunge kitambaa Alhamisi."

 Nikaogopa, maana nilijua atakachosema: haya, wifi, kama umesema. Vidole vyangu vilikuwa bado vimeshika kitumba. Nikamsikia akichuma kingine, na kingine tena, akivilinganisha.

"Hapana," alisema. "Alhamisi ni mapema. Mimi naona Jumamosi."

"Alhamisi."

"Jumamosi, wifi. Hivi vya huku chini havina hata dalili. Umeshika kimoja tu halafu unatangaza."

Alibishana nami tukiwa tunakula, akabishana nami njia nzima ya kushuka, na mkono wangu ulikuwa begani kwake mpaka tukafika darajani.